Baba Yake Sahm Alikuwa Mbwa Koko

Zuhura mwanangu,

Sahm hakuwa saluki safi, yule mbwa wa kuwindia wa Waarabu. Naanza na hilo kwa sababu nikilizunguka nitaishia kulinyamazia tena. Mama yake, Rim, alikuwa saluki wa ukoo. Baba yake alikuwa mbwa koko wa manjano aliyelinda kondoo kwenye shamba la bosi wangu Abu Nayef, nje ya Riyadh. Mimi ndiye niliyempeleka yule koko kwa Rim, kisha nikakaa barazani mbele ya wanaume wanaokunywa kahawa, nikaapa kwamba dume alikuwa Shahin, saluki wa Abu Nayef. Mama yako hajui. Wewe umekua na picha ukutani, umeshika sikio la Sahm, na kila mgeni aliyekuja umemwambia kwamba baba yako ndiye aliyeshuhudia mimba ya mbwa huyu ikitungwa. Hukusema uongo. Uongo ulikuwa wangu, wewe ulikuwa ukiubeba tu.

Mambo ya safari yako ya kikazi mama yako ameyamaliza. Ameshakuambia habari za baridi ya Riyadh, mafuta ya midomo, na chumba ambacho usikubali kupewa. Hivi sasa mmekwenda nyote wawili mtaa wa Mahjar, hapa hapa Jeddah, kumuaga shangazi yako, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba naisikia pumzi yangu ikipanda kama mtu mwenye gunia kwenye ngazi. Daktari wa moyo siku hizi hanipi miadi ya mbali. Kwa hiyo naandika sasa hivi, jua likiwa bado dirishani, kabla hamjarudi na kabla sijapata udhuru.

Kilichonisukuma ni simu ya juzi. Ulikuwa sebuleni, umeweka spika ili na mimi nimsikie Nayef, mwana wa Abu Nayef, aliyekuajiri uwe daktari wa mbwa wake. Alisema, "Binti ya daktari, kwetu neno lako ni neno la baba yako. Kuna watoto wa mbwa wamezaliwa. Wenye asili watabaki. Wenye sura ya kikoko utatuondolea kwa sindano kabla wageni hawajafika."

Ukasema, "Sawa, bosi."

Ukanigeukia ukitabasamu, umefurahi kwamba jina langu limekufungulia mlango. Nami nikatabasamu. Tangu juzi nimekasirika, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni yule mzee aliyetabasamu.

Nikueleze desturi ya pale, maana ndiyo unayokwenda kuirithi. Kwa Abu Nayef, asili ya mbwa haikuwa karatasi. Jike alipopelekwa kwa dume, alitakiwa mtu asiye na mbwa wala ukoo katika shughuli ile asimame pale, aone kwa macho yake, kisha aende barazani aseme aliyoyaona. Neno hilo ndilo lililokuwa hati. Nilipofika kutoka Tanga, kijana mwenye shahada ya udaktari wa mifugo na viatu vipya, Abu Nayef alinitazama akawaambia wenzake, "Huyu hana kabila hapa, hana mbwa, tena anasali. Huyu ndiye shahidi." Nilivimba kichwa, mwanangu. Mshahara ulikuwa wa kawaida, lakini wazee wa Najdi, bara lile la Riyadh, walikuwa wakinyamaza ninapofungua mdomo. Ukishaonja jambo hilo ugenini, kuliacha ni kazi.

Na mbwa wenyewe walikuwaje? Walikuwa wazuri wa kupigwa picha. Masikio yamening'inia kama nywele za bibi harusi, mikia ina manyoya, shingo ndefu, macho ya huruma. Abu Nayef hakukubali waitwe mbwa. "Kalb ni yule wa jalalani," alikuwa akisema. "Huyu ni saluki. Huyu anaingia hemani." Na kweli waliingia hemani, wakalala juu ya mazulia, wakati yule wa manjano alipigwa mawe akisogelea beseni la maji.

Lakini asubuhi ya baridi tulipowapeleka kuwinda, ilikuwa aibu. Sungura wa jangwa hakimbii kama anayekimbia mbio za uwanjani. Anajilaza chini ya kichaka mpaka umkaribie, anafyatuka, anakwenda moja kwa moja mpaka mbwa amkaribie kumgusa, kisha anakata kona. Mbwa wa Abu Nayef walikuwa na kasi ya ajabu, na kwa kasi hiyo hiyo walimpita sungura, wakajikuta wako mbali wanatazamana. Baada ya kona ya tatu walikuwa wanachechemea. Nyayo zao zilikuwa laini, zilizozoea zulia, na changarawe ilizichana. Aliyebahatika kukamata alikaa pale pale akala. Na akishakula, ukimuuliza mwenye elimu ya dini atakwambia mbwa huyo amejiwindia mwenyewe, hakukuwindia wewe, na nyama hiyo si yako. Wanaume walirudi kambini na birika la kahawa, bila sungura, wakimsifu Shahin kwa jinsi alivyopendeza akikimbia.

Nilimwambia Abu Nayef ukweli siku moja tukiwa kwenye gari. Nilimwambia, "Bosi, wamezaliana wenyewe kwa wenyewe mno. Binamu kwa binamu, mjomba kwa mpwa. Wanahitaji damu ya nje."

"Ya nje wapi?"

"Yule wa Bakhit."

Bakhit alikuwa mchungaji wa kondoo, mzee wa Kisudani aliyemlea yule wa manjano tangu akiwa mdogo na kumwita Asfar, manjano kwa Kiarabu. Abu Nayef alikanyaga breki nikagonga kioo.

"Daktari! Unataka nimwoze binti yangu kwa mlinzi wa getini?"

"Mlinzi anakamata sungura, bosi."

"Na paka anakamata panya. Nimlaze kitandani kwangu? Halas, usinirudie na maneno hayo."

Alicheka mpaka machozi, na kule barazani akawasimulia wengine, wakawa wananiita mshenga wa Asfar mwaka mzima. Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona Asfar akifanya kazi, na hilo ndilo nataka ulisome polepole, kwa sababu ndilo pekee la maana nililo nalo la kukupa.

Asfar hakuwa na kasi ya Shahin. Sungura akifyatuka, yeye alikwenda kwa nusu ya nguvu, kichwa chini, akiacha nafasi. Sungura alipokata kona, Asfar alikuwa amekwisha kuikata kona hiyo upande wa ndani. Mguu wake ulikuwa mpana, vidole vimeshikana, kanyagio, yaani ngozi ya chini ya mguu, gumu kama soli ya kandambili, na manyoya mafupi katikati ya vidole. Kifua kilikuwa kirefu kwenda chini bila kuwa kipana. Kiunoni alikuwa na nyama iliyojaa, na ukiweka mkono juu ya mifupa ya nyonga, vidole vinne viliingia katikati bila kubanwa. Lakini hayo yote ningeweza kuyakuta kwa mbwa mjinga. Kilichoniondoa shaka ni kwamba alimkamata sungura kwa mdomo laini, akamleta kwa Bakhit akiwa hai, masikio yanacheza, akamweka miguuni pake na kurudi nyuma hatua chache kusubiri. Bakhit alichomoa kisu, akasoma bismillahi, akachinja, akamrushia utumbo. Wakala wote wawili, kila mtu haki yake.

Ndiyo maana nakuambia, ukifika pale usianze na masikio. Mnyanyue mtoto wa mbwa, umbonyeze kanyagio. Msubiri akimbie na wenzake, kisha uhesabu pumzi zake zinavyorudi. Mwenye moyo mzuri huacha kutweta wakati wenzake bado ndimi ziko nje. Mtupie ngozi ya sungura, uone kama anakukimbia nayo au anakuletea. Na umtazame kama anakutazama. Mbwa asiyegeuka hata mara moja kukuangalia uko wapi, hata akiwa na mkia wa tausi, hatakuwindia kitu. Wale wanaowapanga kwa unyoya wa sikio wananitia hasira hadi leo. Wamemchukua mnyama aliyelisha watu jangwani wakamfanya pazia.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Shahin alikuwa zawadi kutoka kwa mtu mzito, mtu ambaye zawadi yake haikataliwi wala haisemwi vibaya. Rim alipopata joto la kutaka dume, Shahin alipandishwa na mimi nikiwa shahidi. Mimba haikushika. Joto la pili vilevile. Nikachukua mbegu yake nikaitia chini ya hadubini katika chumba changu cha dawa. Hapakuwa na kitu kinachotembea. Nilikodoa macho mpaka yakaniuma. Dume la Abu Nayef, fahari ya baraza, lilikuwa tasa.

Kazi ya daktari ni kusema. Nilisomeshwa na kodi za wakulima wa nchi yangu ili niseme. Badala yake nikaanza kufikiria namna watakavyonitazama: mgeni amemtukana mtoa zawadi, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, iko mkononi mwa aliyepewa zawadi. Basi joto la tatu lilipofika, siku ya Ijumaa, wanaume wote walipopanda magari kwenda msikitini, nilisema tumbo linanisumbua. Nilimchukua Asfar kutoka zizini kwa kamba, nikamwingiza kwa Rim. Wakati khutba inasomwa, mimi nilikuwa nimesimama kwenye banda la mbwa, nikisikia kipaza sauti cha msikiti kwa mbali.

Waliporudi nikakaa barazani nikasema, "Nimeshuhudia. Shahin juu ya Rim, wallahi."

Abu Nayef akanimiminia kahawa kwa mkono wake.

Usidhani nilifanya yale kwa ajili ya mbwa. Hiyo ndiyo hadithi niliyojisimulia kwa miaka, kwamba nilikuwa mtaalamu jasiri aliyeokoa damu iliyochoka. Jasiri angesema kwenye gari lile, na angesema tena mpaka afukuzwe. Mimi nilipata njia ya kuwa sahihi bila kulipia.

Watoto walizaliwa. Watatu walikuwa na masikio ya pazia kama mama yao. Mmoja alitoka na sikio fupi lisilo na unyoya, mguu mpana, rangi ya mchanga uliolowa. Abu Nayef alimshika shingoni akamwinua juu.

"Huyu ni nini?"

"Ni wa manyoya mafupi, bosi," nikasema. "Kwa asili wako wa aina mbili." Hilo lilikuwa kweli, na nililitumia kama jambazi anavyotumia ufunguo halali.

"Unamshuhudia?"

"Namshuhudia."

Akamwita Sahm, mshale. Baada ya mwaka na nusu hapakuwa na mtu kusini mwa Riyadh asiyemjua. Nimemwona akimwacha mbwa mwenye kasi zaidi apite mbele, asumbuke, amgeuze sungura, kisha yeye atokee upande wa ndani kama mtu aliyepigiwa simu. Nimemwona akivuka changarawe inayokata matairi akarudi bila tone la damu. Aliwaleta hai. Abu Nayef alikuwa akipiga magoti mchangani kumpokea sungura kutoka mdomoni mwake, analia waziwazi, anasema, "Tazameni asili! Tazameni damu!" Na wanaume wakanigeukia mimi, shahidi, wakanitikisia vichwa. Walileta majike kutoka mbali. Leo kila mbwa aliye kwenye mabanda ya Nayef, na wengi walio kwa watu wengine, wana Asfar ndani yao. Ndiyo maana watoto wa sikio fupi bado wanatokea. Si kasoro, Zuhura. Ni babu yao anachungulia.

Nimesema nina hasira na nafsi yangu. Sasa nikwambie kilichoitia nafsi hiyo doa ambalo halitoki.

Sahm alipokuwa na jina, Abu Nayef aliingiwa na hofu ya kulinda damu yake. Siku moja alimkuta Asfar amelala nje ya uzio wa banda la majike. Mbwa huyo alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, anatafuta kivuli tu. Abu Nayef akamwita mfanyakazi alete bunduki. "Asije akatuharibia," alisema.

Bakhit alikuja mbio kutoka zizini, kanzu ameishika mkononi. Hakumwendea Abu Nayef. Alikuja kwangu.

"Daktari, sema neno. Wewe wanakusikia."

Nikamwambia, "Mzee Bakhit, mbwa ni wake, shamba ni lake."

"Mbwa ni wangu!"

"Basi mfunge kamba umwondoe."

"Yalla, ondokeni hapo," alisema Abu Nayef, bila hata kupandisha sauti.

Nyuma ya uzio ule alikuwemo Sahm, na watoto wa Sahm, wanatazama. Ningeweza kusema sentensi moja: bosi, huyo unayetaka kumwua ndiye baba wa huyo unayemlilia. Nilikuwa nayo mdomoni, imekamilika, kwa Kiarabu fasaha. Nikaimeza. Asfar alipigwa risasi kwa sababu ya kuwa hatari kwa damu yake mwenyewe. Bakhit alimchukua mabegani kama anavyobebwa kondoo, na tangu siku hiyo hakunisalimu. Alipita mbele ya chumba changu cha dawa kila asubuhi akitazama mbele.

Na hapo ndipo Nayef anapotaka kukurudisha wewe. Kijana huyo alisoma nje, ana daftari la mashindano kwenye simu, siku hizi wanawinda kwa vibali na msimu, na muda mwingi mbwa wanakimbizana na kitambaa kinachovutwa na gari. Lakini jambo la baba yake amelishika vilevile: sikio fupi, sindano. Na sindano wanataka uishike wewe, kwa mkono nilioushika mimi ulipokuwa ukijifunza kuandika. Unamdunga mtoto mwenye mguu mpana na moyo unaorudi upesi, unamwacha mwenye nywele za bibi harusi, halafu unakwenda barazani unasema: nimeshuhudia. Kwa neno la baba yako! Nikifikiria hayo nataka kuvunja kitu, na katika nyumba hii hakuna cha kuvunja ila vikombe vya mama yako.

Nimekulea kwa kukuambia sema kweli. Nadhani ulinisikia kama watoto wanavyowasikia wazazi, yaani uliona nifanyavyo. Niliona shuleni ulivyokuwa ukinyamaza mwalimu alipokosea, ili asikuchukie. Niliona mwaka jana kliniki, pale mwenye ngamia alipokutaka uandike dawa usiyoiamini, ukaandika, ukanambia, "Baba, mteja ni mteja." Sikukugombeza. Ningekugombeza kwa uso gani? Uoga wako naujua, rangi yake ni yangu. Lakini wewe una miaka mingi mbele yako, na woga wa kijana bado ni laini kama kanyagio la mtoto wa mbwa. Ukitembezwa kwenye changarawe unakuwa mgumu. Mimi nilikaa kwenye zulia.

Sikukatazi kwenda. Kazi ni nzuri, na wale mbwa wanahitaji mtu anayejua kubonyeza mguu. Nataka tu ufike pale ukiwa na jina lako, si langu.

Lipo lililobaki, nalo si la zamani. Ni la leo. Asubuhi, wewe na mama yako mlipokuwa sokoni Nuzha, nilimpigia Nayef. Abu Nayef ameshakuwa mtu wa kitandani, hashiki simu. Nilimwambia mwanawe yote: Shahin, hadubini, Ijumaa ile, Asfar, bunduki. Nilimwambia wewe hujui lolote.

Akauliza, "Shahin alikuwa tasa kweli?" Hilo ndilo lililomuuma kwanza, mwanangu. Mbwa wa zawadi.

Nikasema, "Kweli."

"Umetuvua nguo, ewe daktari. Mabanda yangu yote ni koko?"

"Ndiyo wale wanaokukamatia sungura."

Alitukana. Siandiki alivyosema. Mwishowe akasema tiketi yako haitafutwa. Uje, usimame barazani mbele ya watu wake, utazame wale watoto, useme wewe kwa mdomo wako nani abaki na kwa nini. Na ukisema la kuwafedhehesha, pengine utarudi Jeddah na basi la siku hiyo hiyo, na wanaofuga mbwa mji mzima watajua sababu. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi sikumwomba.

Nimekuharibia njia, au nimeisafisha, sijui. Kazi yako, uliyoitafuta kwa miezi, nimeiweka mezani bila ruhusa yako, na una haki ya kunikasirikia kuanzia mlangoni utakapoingia na mfuko wa shangazi. Ningeweza kukungoja mrudi nikuulize kwanza. Sikukuuliza, Zuhura, kwa sababu nilijua ungeniambia, "Baba, nyamaza tu," nami ningenyamaza.

Baba yako